Siku Niliyomhukumu Sokwe

Kabla sijaanza kumpenda nilimchukia, na sababu ilikuwa sukari. Miaka ile sukari ilikuwa haionekani Kampala. Sisi wake wa polisi tuliokaa kwenye nyumba za serikali pale Nsambya tulikunywa chai kavu na kuwaambia watoto kwamba ndiyo afya. Lakini kila asubuhi nilikwenda kupika nyumbani kwa mkubwa mmoja wa jeshi, katika jumba la vigae lililoachwa na familia ya Kihindi iliyofukuzwa nchini, na kabla ya kuwasha jiko ilinibidi nikoroge vijiko vinne vya sukari ndani ya maziwa ya sokwe.

Sokwe huyo alikuja pamoja na Mkongo mmoja, seremala aliyekimbia vita vya kwao. Aliwakuta wawindaji kando ya njia wakichuna sokwe jike, na mtoto bado ameng'ang'ania manyoya ya mama yake. Yule seremala hakuwa na kitu, akavua shati lake akawapa, wakamwachia mtoto. Alivuka mpaka akiwa amemfunga kifuani kwa kipande cha kanga. Kwenye kizuizi cha barabarani mkubwa wetu akawaona, akacheka sana, akawachukua wote wawili: mnyama awachekeshe wageni, na mtu amtunze mnyama.

Wakampa sokwe cheo. Wakamwita Koplo, wakamshonea kofia, wakamfundisha kupiga saluti. Kila mtu mwenye sare aliyepita getini, Koplo alisimama kwa miguu miwili na kupeleka mkono kwenye paji la uso. Askari walikuwa wakifa kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikifikiria watoto wangu na chai yao.

Kisha kaka yangu akachukuliwa. Alikuwa askari, mtu wa kaskazini kama mimi, na siku hizo kuwa mtu wa kaskazini ndani ya jeshi kulikuwa kosa la kutosha. Lilikuja gari, akaambiwa anaitwa mara moja tu, akaacha viatu vyake vya raia chini ya kitanda. Hatukumwona tena. Kulia nyumbani nilishindwa, maana kuta za nyumba zetu zilikuwa nyembamba na mume wangu alikuwa polisi. Nikaenda kulilia jikoni kwa mkubwa, huku namenya matoke, nikijua kwamba hapo hakuna mtu atakayeuliza.

Koplo alikuwa bado mdogo, anazunguka nyumba nzima. Akaja akaketi mbele yangu. Alinyoosha kidole, akagusa chozi shavuni mwangu, akalionja. Halafu akagusa shavu la pili. Wala hakufanya mchezo wowote. Aliketi tu hapo mpaka nilipomaliza kumenya. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena vijiko.

Lakini sokwe hakui kama mbwa. Miaka michache ikapita, mikono ikawa minene kama mapaja yangu. Siku moja alivunja mlango wa stoo kwa kuuvuta tu, akitafuta ndizi. Mkubwa akaamuru afungiwe, na seremala ndiye aliyeambiwa ajenge kizimba ndani ya gereji, kwa nondo za madirisha ya zamani. Aliujenga mlango uelekee bustanini, ili Koplo aone miti.

Alipomaliza alikwenda kwa mkubwa, kofia mkononi. Nilikuwa napanga meza, nikawasikia.

"Afande, Koplo iko mukubwa sasa. Tumurudishe mwituni. Mimi nitamupeleka mwenyewe."

"Mwituni?" mkubwa akauliza. "Mwituni atampigia saluti nani?"

Wote waliokuwepo wakacheka. Seremala naye akacheka kidogo, kama tulivyocheka sote siku hizo, akatoka.

Jambo lenyewe lilitokea Jumapili mchana. Kulikuwa na wageni, nyama inachomwa, kreti za bia zimepangwa kivulini. Kapteni mmoja, rafiki mkubwa wa nyumba ile, alisimama mbele ya kizimba akivuta sigara. Koplo akampigia saluti. Kapteni akamrudishia saluti, akajifanya anampa sigara, na Koplo alipoleta mdomo kwenye nondo, kapteni akamzimia sigara juu ya mdomo.

Nilikuwa mlangoni mwa jiko, niliona kwa macho yangu. Sijapata kusikia tena mlio kama ule. Wageni wakacheka, kapteni akarudi kwenye kiti chake. Seremala alikuwa upande wa pili, ametumwa kuleta kuni.

Mimi nikafanya ujinga wa mapenzi. Nikajaza kikombe maziwa, nikaenda mbio, nikapitisha mkono katikati ya nondo kama nilivyofanya kila siku. Nikamwambia, "Pole, baba. Pole." Hakuniona mimi. Aliona mkono umekuja tena.

Maumivu yenyewe siyakumbuki vizuri. Nakumbuka kikombe kikigonga sakafu, na seremala akija mbio huku akiita kwa lugha yao. Koplo akaacha. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akautazama, akanitazama usoni, halafu akarudi nyuma hadi ukutani na kujifunika kichwa. Kidole cha kati na cha pete havikuwepo tena.

Walinipeleka hospitali, wakanishona. Siku ya tatu mkubwa mwenyewe alikuja kunitazama, kapteni yuko nyuma yake. Wauguzi wakatoka wodini bila kuambiwa. Mkubwa alivuta kiti akaketi, akaniuliza hali kwa upole, kama ndugu.

"Mama," akasema, "kapteni ananiambia huyu Mkongo alimfundisha mnyama kuuma watu wa serikali. Wewe unakaa naye kila siku. Ni kweli?"

Nikamwangalia kapteni. Alikuwa akichezea pakiti ya sigara, anaifungua, anaifunga. Aliniangalia bila hasira yoyote.

Nilielewa kwamba mtu fulani lazima akose. Siku hizo jambo baya halikuweza kutokea bure, lilikuwa lazima liwe na mwenyewe. Nikimtaja kapteni, watoto wangu hawana mama. Nikinyamaza, seremala ataitwa mara moja tu, kama kaka yangu.

"Hapana, afande," nikasema. "Mkongo hajakosa. Hakuna mtu aliyekosa. Ni mnyama tu."

Mkubwa akaendelea kuningojea. Nikaongeza, "Mnyama hana shukrani, afande. Akishaonja damu ya mtu, ni wa kuuawa."

Lile neno la kwanza lilitosha, naamini mpaka leo. La pili nililiongeza kwa woga, ili lile la kwanza lipendeze. Mkubwa akapiga goti lake kwa kiganja.

"Umesema vizuri. Mama mwenyewe amehukumu."

Siku ya nne nilitumiwa gari. Nilidhani narudishwa nyumbani, kumbe napelekwa kwa mkubwa. "Njoo uone haki yako," akaniambia, akanipa kiti barazani, mkono wangu ukiwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

Seremala alikuwa ameomba amtoe Koplo mwenyewe, asije akapigwa risasi ndani ya kizimba kama panya. Alimtoa kwa kumshika mkono. Koplo alitembea taratibu, mdomo umevimba, jua likimwumiza macho. Alikuwa hajatoka nje kwa muda mrefu, na akasimama kwanza kuokota ua lililoanguka, akalinusa. Seremala alimketisha chini ya ukuta wa nyuma, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia, akamwachia mkono.

Askari aliyepewa kazi alikuwa kijana, na bunduki tayari iko begani. Koplo alipoiona sare, akasimama kwa miguu miwili akapiga saluti.

Yule askari akashusha bunduki. Akamgeukia mkubwa. Nikawaza, sasa, sasa mtu atasema neno. Na mtu aliyepaswa kulisema nilikuwa mimi, niliyepoteza vidole. Ningeweza kusema, afande, nimesamehe. Labda angecheka akakubali. Alikuwa mtu wa hivyo, mambo makubwa aliyaamua kwa kicheko. Lakini kapteni alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwangu, nami nikainamia bendeji yangu.

"Unangoja nini?" mkubwa akauliza. "Umesahau kazi?"

Risasi zilikuwa mbili. Nililia mbele yao wote, na mkubwa akanipiga-piga bega akidhani nalilia mkono. Seremala alichimba kaburi peke yake kwenye bustani ile ile. Hakukubali kusaidiwa.

Nyumbani, mume wangu alinisikiliza hadi mwisho, mlango umefungwa na redio imefunguliwa kwa sauti.

"Umeokoa mtu," akasema. "Kwetu fahali akiua mtu anachinjwa, na hakuna anayeuliza nani alimchokoza."

"Fahali amezaliwa zizini. Huyu aliletwa."

"Sote tumeletwa," akanijibu. "Mtu na mnyama, ungechagua nini?"

"Ningechagua vile vile."

"Basi unalilia nini?"

Nililijua jambo moja tu: kwamba kumuua ili seremala apone ni kitu kimoja, na kumwita mwovu ni kitu kingine, nami nilikuwa nimefanya vyote viwili. Hata kaka yangu, waliomchukua bila shaka walisema neno la namna hiyo juu yake, ili kazi iwe nyepesi. Huyu hana shukrani. Huyu ni wa kuuawa.

Nilirudi kazini mkono ulipopona, maana hatukuwa na njia nyingine. Seremala alikuwa ameshaondoka, hakuna aliyejua wapi. Haukupita muda, gari la jeshi likaleta kitu ndani ya gunia. Kilikuwa mtoto wa chui, macho bado yana ukungu. Wakamweka ndani ya kizimba kile kile, na mkubwa akaniambia nimpashie maziwa.

Nilimtazama yule mtoto akitafuta chuchu kwenye nondo. Nikamwendea mkubwa, nikamwonyesha mkono. "Afande, huu mkono umekataa kazi. Nguo sifui vizuri, sufuria zinaniponyoka." Akanipa ruhusa, na kilo moja ya sukari. Nikaibeba ile sukari mpaka Nsambya, nikawapa watoto chai, wakanywa wakishangilia. Mimi sikuweza kuinywa.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Kawempe kutafuta kitanda cha binti yangu aliyekuwa akienda kuolewa. Nikamkuta seremala kwenye kibanda cha mabati, vumbi la mbao limemjaa kwenye ndevu. Alinijua kabla sijamsalimia, kwa mkono.

"Karibu, mama," akasema, akanifutia kigoda.

Tulizungumza habari za watoto, za bei ya misumari, za mvua. Nilishindwa kuondoka. Mwishowe nikasema, "Yale maneno niliyosema hospitali. Ulielezwa?"

"Nilielezwa."

"Nilisema ili usife."

"Najua. Nashukuru, mama. Iko na mutoto wawili sasa, wote wako hai sababu yako." Aliendelea kupiga randa ubao wake mara mbili tatu. "Lakini mimi ndiye nilimutoa kwa mama yake. Mimi nilimuvusha mpaka. Nilifikiri namuokoa. Wewe ulisema neno moja tu siku moja. Mimi nilimufungia mulango kila siku."

"Ungeniuliza siku ile, ungetaka nisemeje?"

Aliacha randa. Nilimwona kwamba anatafuta jibu la kweli, si la kunifariji.

"Sijui," akasema. "Nimejiuliza sana. Sijui."

Mvua ikaanza kupiga mabati, hata kama tungetaka kuendelea tusingesikizana. Nikaketi pale kwenye kigoda nikingoja ipungue. Yeye akarudi kwenye ubao wake, akautazama kwa jicho moja kuona kama umenyooka, na mara kwa mara akanisogezea mguu wa kitanda nimshikie, kwa mkono ule wa vidole vitatu, anapopigilia msumari.