Tuzo ya Bi Gundi

Nyumbani walimwita Bi Gundi, maana maisha yake yote aliyamalizia kwenye swali moja: seli za mwili hushikana vipi? Mbona mkono wa mtu haumwagiki kama mchanga? Ujana ulimpita, mvi zikamjia, naye ameinamia hadubini kama anayechungulia ndoto ya mwingine.

Sasa jibu lake lilikuwa limepata tuzo kubwa. Shemeji yake hakuacha kumtania. "Gundi imelipa, shemeji! Ila angalia usije ukagandia jukwaani."

Alicheka, lakini moyo haukuwepo. Alitengewa viti viwili vya mbele kwenye sherehe ya tuzo, na bintiye wa pekee, aliyehama nyumbani kwa kinyongo, hakuwa amesema kama atakuja.

Asubuhi ya sherehe alikwenda maabara kama kawaida. Jua lilielea juu ya visahani vya kioo, chumba kizima kikawa kama kiko chini ya maji. Binti akatokea mlangoni, mkoba begani.

"Mama, nimekuja kukwambia siji."

"Haya, mwanangu. Lakini funga mlango taratibu. Seli nimezimimina kwenye kisahani sasa hivi, zikitikiswa hazishiki."

Binti akaguna. "Hata wa nyumbani ulikuwa ukiufunga hivyohivyo. Usiku nilikuwa nalala macho, nangoja nisikie umerudi. Sikukusikia hata siku moja. Asubuhi naona kikombe chako kimelowa, ndipo najua ulikuwepo."

"Nilidhani nakulindia usingizi."

"Ulinilindia, mama. Mimi nilitaka kuamshwa."

Bi Gundi akakaa kitako. Binti akatua mkoba.

"Zinachukua muda gani kushikana?" akauliza.

"Mpaka mchana hivi."

"Na sherehe si itakuwa imekwisha?"

 Bi Gundi akavuta kiti cha pili mpaka kwenye hadubini, akampigia shemeji yake simu. "Shemeji, nenda ukanipokelee hiyo tuzo."

"Eti nini? Mimi niliyefeli sayansi? Nikasemeje huko?"

Binti alikwisha kuinamia hadubini. Mle ndani vidoa vya mviringo vilikuwa vinanyoosha vidole vyembamba, vikipapasa, vikikosana, vikipapasa tena.

"Waambie nina mgeni," akasema Bi Gundi.

"Mimi si mgeni," binti akasema, jicho lake bado liko kwenye kioo.

Bi Gundi akasogeza simu mdomoni. "Shemeji, umesikia? Waambie niko na mwanangu."