Mama Mkwe Alipozungumza na Mto

Wewe cheka tu. Hata mke wangu alicheka, na kicheko chake nitakifikia. Lakini haya sikusimuliwa wala sikuyaota. Yalinikuta mimi mwenyewe, macho makavu, fimbo ya kuvulia mkononi, huku kwetu Buffalo.

Kwanza umjue mama mkwe wangu. Alizaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, binti wa mvuvi, akauza samaki, mukeke na dagaa, mpaka vita vikamfukuza. Kambini Kasulu alikaa miaka mingi bila ziwa, akila maharage ya mgawo. Tulipoletwa Amerika na kupewa nyumba ya mbao kule West Side, hakuuliza duka wala kanisa. Aliuliza maji yako wapi.

Basi nikawa dereva wake. Kiangazi tulivua samaki aitwaye besi hapa hapa mjini, ukingoni mwa mto. Majani yakianza kuwa mekundu, tunaendesha mpaka chini ya maporomoko, samoni wanapopanda kutoka ziwani kuja kutaga. Theluji ikishika ni zamu ya trauti, na hapo tunasimama tunatetemeka mpaka mshipi unaganda barafu. Besi alimwita kijana wa mtaani, fujo nyingi nyama kidogo. Samoni alimwita bwana harusi, maana anakuja mara moja na watu wote wanatoka kumwona. Trauti alimpenda kuliko wote, na hakuwahi kusema kwa nini.

Sasa, kwetu Warundi mkwe na mama mkwe hawazoeani hivi hivi. Humtazami usoni, huli naye sahani moja, humpigi porojo. Wenzetu wengi huku wameshaacha. Yeye hakuacha, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kumvunjia heshima. Kwa hiyo miaka yote ile yeye alisimama juu kwenye mwamba wake, mimi chini kidogo, macho yangu kwenye maji. Akitaka kuniambia jambo, aliuambia mto: mto, mwambie mkwe wangu ndoana yake inaelea kama bata. Nami nilimjibu kupitia mto huo huo. Wazungu waliovua jirani nadhani walifikiri tunasali.

Alifariki kiangazi, ugonjwa wa siku chache. Mke wangu Spesioza alikuwa kitindamimba wake, na baada ya mazishi akaacha kula. Chai, kipande cha mkate, basi. Akakonda mpaka kiwandani wakamrudisha nyumbani, anayumba mbele ya mashine. Kina mama wa kanisani walileta ugali, wakaleta isombe ya majani ya muhogo; alishukuru, akafunika sahani. Siku moja tu alisema labda angeweza kula samoni wa mama. Nikakimbia kununua. Akampika, akaonja, akalia, kwa sababu hakuwa yule. Mama hakuwahi kumfundisha, maana nani alijua ataondoka mapema vile? Niliogopa, nakwambia kweli. Niliogopa kuzika mara mbili kwa mwaka mmoja.

Asubuhi moja ya vuli nikatoka zamu ya usiku ghalani na sikurudi nyumbani. Niliendesha moja kwa moja mpaka mtoni, kule chini ya maporomoko. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Nikashuka ngazi, nikasimama mahali pangu, na pembeni mwa jicho nikaona mtu juu ya mwamba: koti kubwa la baridi, pindo la kitenge, mabuti ya mpira ya kijani. Nikainamisha kichwa kama siku zote, nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba. Nikarusha ndoana.

Umeliona kosa langu? Usingizi na mazoea. Nilikuwa nimeshasalimia, nimeshaitikiwa, mshipi umeshazama, ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika.

Nikaikamata fimbo kwa mikono miwili. Pumzi yangu ilikuwa ikitoka moshi kwa baridi. Upande wa mwamba hapakuwa na moshi wowote, hata alipoanza kusema.

"Mto, mwambie mkwe wangu aache kutetemeka. Anawafukuza samaki."

Wewe ungekimbia? Mimi nilikuwa tayari kabisa. Lakini utani ulikuwa ule ule, na hapo hapo nikajua jinsi nilivyokuwa nimemkumbuka yule mama. Nikamjibu kupitia mto.

"Mto, mwambie mama kwamba Spesioza hali."

Maji yakapita kati yetu. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeweka chungu chini.

"Mto, mwambie binti yangu atandike maganda ya ndizi mbichi ndani ya sufuria, samaki juu yake. Mawese mwisho, moto ukishazimwa. Na mkwe wangu avute sasa."

Nikavuta. Niamini, samoni yule alinipeleka huku na huku mpaka mikono ikawaka moto. Nilipomfikisha kwenye mawe nilitaka kugeuka. Jamani, nilitaka! Kuinua uso mara moja tu, nimwone. Lakini mkwe hatazami. Nikabaki nimeinama juu ya samaki, machozi yananidondoka, nikauomba mto umpe mama shukrani zangu. Nikapanda ngazi mpaka kwenye gari nikiwa bado nimeinama.

Spesioza alinisikiliza, akavaa koti, akaenda Grant Street kununua ndizi mbichi. Harufu ilipoanza kutoka kwenye sufuria, akakaa chini sakafuni pale pale jikoni. Alikula. Alikula mpaka akalamba vidole. Ndipo akaniuliza uso wa mama ulikuwaje, kama ulikuwa na amani.

"Mimi ni mkwe," nikamwambia. "Ningemtazamaje?"

Akacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi, alicheka na kulia kwa pamoja, akasema ningethubutu kumtazama, mama angenitosa mtoni.

Mpaka leo msimu ukigeuka naenda, besi, samoni, trauti, na ule mwamba nauacha wazi. Nauambia mto habari za nyumbani. Sijajibiwa tena, ila naendelea kuusimulia. Nawe ukienda kuvua huko, asubuhi ya ukungu, ukaona mabuti ya kijani juu ya mwamba, usimkaribie na usiinue macho. Salimia kwa adabu, tazama maji yako, na ukisikia vuta, vuta.