Mashine Iliyokuja Mahali pa Frigo

Nilimtuma mume wangu base, kule kambi ya askari, kuniletea frigo, akaniletea mashine ya kuuza vinywaji. Kwa wasioijua: ni kabati la chuma refu kuliko mtu, lina kioo mbele, unatia pesa ya chuma kwenye tundu, unabonyeza namba, na chupa inaanguka yenyewe bila mtu yeyote kukuuliza habari za watoto. Sasa, mimi kazi yangu ni kuuza vinywaji. Nina meza yangu mbele ya stesheni ya Kamina, ile tunayoiita gare, nauza maji, soda tunazoziita sukre, na munkoyo, kinywaji cha mahindi ninachokipika mwenyewe. Kwa hiyo mume wangu alichukua pesa zangu, akapanda nazo mpaka base, akaninunulia mshindani.

Ngoja nimweleze kwanza, maana ukimsema mtu bila kumweleza watu wanadhani una chuki naye. Mume wangu ni fundi wa reli. Maisha yake yote aliyapitisha ndani ya atelier, karakana ya reli, akitengeneza mabehewa, na mikono yake inanuka grisi hata siku ya Pasaka. Halafu treni zikapungua. Zikawa zinakuja siku zinazotaka zenyewe, na atelier ikawa haina la kumfanyia. Hawakumfukuza. Kufukuzwa kungekuwa afadhali, mtu angelia akamaliza. Walimwambia akae nyumbani, wakimhitaji watamwita. Akakaa. Kila asubuhi alivaa salopeti yake ya buluu ya kazi niliyompigia pasi, akatoa kiti uani, akaketi akitazama mlango wa ua kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Maneno yakamwisha kidogo kidogo. Ukimuuliza kama chakula kimekolea, anajibu "ee". Ningemwambia nyumba inaungua, angejibu "ee" vilevile.

Niliogopa. Nilimtukana mchana kutwa ili nisionekane naogopa, lakini niliogopa. Jirani yetu, fundi kama yeye, wa atelier ileile, alianza hivyohivyo kwa kiti na kwa "ee". Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Asubuhi moja hakuamka, na mpaka leo hakuna aliyeweza kutuambia alikufa kwa nini. Mjane wake ni rafiki yangu. Aliniambia, usimuache akae sana.

Ndiyo sababu nilimtuma yeye. Frigo yangu ilikuwa mgonjwa, inapoza chupa za chini tu, za juu zinabaki vuguvugu, wateja wanazishika wananirudishia. Kule base kulikuwa na mama mmoja, mke wa askari, mtu wa kutoka mbali upande wa Équateur, ambaye alikuwa na hangari imejaa vitu vilivyoachwa na wageni waliomaliza kontra yao ya kazi wakarudi kwao. Vitanda, viti, frigo. Ningeweza kwenda mwenyewe. Nikasema acha aende yeye, apigwe na upepo wa njiani, aone watu.

Basi aliona watu. Alirudi juu ya lori la makaa, ameketi kando ya ule mzigo ameushika kwa mikono miwili, na uso wake sikuutambua. Majirani walitoka wote. Hakuna mtu mtaani kwetu anayekosa lori likisimama.

"Baba ya batoto," nikamuuliza mbele yao, "frigo iko wapi?"

"Njo hii."

"Hii iko frigo?"

"Iko na frigo ndani. Sasa haifanye baridi, lakini zamani ilikuwa inafanya." Akapiga kile kibati kwa kiganja. "Na tena inauzisha yenyewe. Weye utapumuzika."

"Minyi nilikuomba kupumuzika?"

Alikuwa tayari ameingiza kichwa ndani kutazama waya. Nikazunguka ile mashine. Kioo kimepasuka, mlango haufungi, ndani panya wamezaa na kuhama. Nikaona lile tundu la pesa. Hapo ndipo akili iliponijia, na nakiri nilifurahi kidogo kwa ubaya. Nchi hii haina pesa ya chuma. Franka zetu ni karatasi, tena karatasi zilizochoka, zimeungwa kwa gundi, zinanuka samaki wakavu wa Malemba. Hata mjinga anajua hilo, lakini fundi wangu na yule mama wa base walikuwa wamepatana bei nusu siku nzima wala hakuna aliyelikumbuka.

"Na bantu batatia nini kwa hii tundu?" nikamuuliza.

Akatoa kichwa. Akalitazama tundu, akanitazama mimi, akalitazama tena. Nilidhani ataketi chini kwa aibu.

"Donc, basi, kazi iko," akasema, na akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo kumsikia akicheka.

Basi ikaanza taabu yangu. Uwanja wangu ukawa atelier. Aliifungua mashine yote, kila visi, zile skrubu ndogo, aliitia ndani ya bakuli zangu, zile nzuri za wageni. Aliosha springi za chuma zinazosukuma chupa kwa mafuta ya taa, na mkeka niliokuwa naanikia mahindi ya munkoyo ukanuka mafuta ya taa mpaka nikautupa. Kioo alikwenda kukitafuta akarudi na dirisha la basi bovu, akalikata likaenea. Baridi ilimshinda, chombo cha kupozea kilikuwa kimekufa kabisa, na cha kununua hatukuwa na uwezo. Akasema si neno, tutaweka mabonge ya barafu chini. Barafu kutoka wapi? Kutoka frigo yangu ile mgonjwa, ambayo mashine ilikuja kuiponya. Umeme nao si wa kutegemea hapa kwetu, kwa hiyo akaunganisha kila kitu na betri na sahani ya umeme wa jua. Mwisho akaipaka rangi iliyobaki ya mabehewa. Mlango wa ua nilikuwa nimemwomba aupake rangi tangu mtoto wetu wa mwisho akinyonya.

Nilipiga kelele kila siku. Nilimwambia amenitia hasara, amenichekesha kwa watu, na mama yake alipaswa kunionya kabla ya mahari. Na yeye alikuwa ananijibu. Hilo nililiona mapema ila sikumwambia mtu. Alinijibu kwa maneno marefu, alibishana, alieleza mambo ya mota na meno ya gurudumu ambayo sikuyaelewa wala sikutaka kuyaelewa. Alikula bukari yake, yaani ugali, akaomba nyingine. Aliimba nyimbo za kanisani akichanganya beti. Mara nyingine nilikuwa nabuni ugomvi tu nisikie atasema nini.

La tundu alilitatua kwa akili yake mwenyewe. Pesa ya chuma hakuna, sawa. Tutauza jetoni: mteja ananipa mimi franka zake za karatasi, nampa chuma kidogo, anakitia tunduni. Na chuma gani? Rondeli. Vile vyuma vya mviringo vyenye tundu katikati, vinavyowekwa chini ya nati. Alikuwa na kopo zima la rondeli za ukubwa mmoja, akairekebisha mashine mpaka ikazikubali vizuri kabisa.

Sasa, mtu wa mji mwingine asingeweza kufanya kosa hili. Ni fundi wa reli tu, ndani ya mtaa wa mafundi wa reli, anayeweza kuchagua rondeli ya behewa kuwa pesa. Mtaani kwetu kila nyumba ina kopo la rondeli. Baba alirudi nazo mfukoni, na babu kabla yake. Tunazishonea pindo za pazia zisipeperuke, tunazibia sufuria, watoto wanachezea.

Tukaijaza chupa na biskuti chache, tukaipeleka gare siku treni ilipotarajiwa kutoka upande wa Luena, na kwa bahati siku hiyo ilifika kweli. Watu walijaa. Wengine hawakuwa na safari yoyote, walikuja kuona. Mama mmoja mtu mzima alitia chuma chake, biskuti ikaanguka, akaichukua, akainama kwenye kile kioo akasema kwa upole, "Ongeza kidogo, tafazali." Kwetu ukinunua unaongezewa kidogo, ndivyo tulivyolelewa. Alingoja sana. Halafu akanigeukia mimi na kuniambia kwamba mtu wangu huyu ni mchoyo, na mimi nikampa biskuti nyingine kutoka mkobani kwa sababu niliona haya kwa niaba ya mashine.

Kufikia jioni mashine ilikuwa tupu. Kila chupa imekwenda. Mume wangu alikuwa anang'aa jasho na furaha. Akafungua sanduku la chini, na rondeli zikamwagika miguuni pake, maana zilikuwa zimejaa mpaka sanduku halifungi. Mimi nikatia mkono mfukoni mwa kitenge changu mlimokuwa na pesa za jetoni nilizouza. Mfuko ulikuwa mwepesi. Nikawakumbuka wote waliokuja kwenye mashine bila kupita kwangu, jirani huyu na yule, hata mkubwa wa zamani wa mume wangu kule atelier, aliyenisalimia kwa heshima zote akiwa na sukre mkono huu na sukre mkono huu.

"Haikukosa hata moja, mama," mume wangu akasema. Alicheka mpaka machozi. "Rondeli yote ya mutaa, na imekamata yote."

"Na minyi nimekamata nini?"

Sikupika siku hiyo. Alikula muhogo baridi, na bado alikuwa anaongea.

Akaanza upya. Akatengeneza jetoni za alminiumu zenye pengo pembeni, ambazo hakuna nyumba iliyo nazo. Alminiumu ilitoka wapi nilijua siku nilipotafuta sufuria yangu kubwa. Safari hii mambo yalikaa sawa. Mimi nikawa naketi kando ya mashine nawauzia watu vyuma vya kununulia munkoyo ambao ningeweza kuwapa kwa mkono wangu, tena bila kuwalazimisha kuinama. Chupa za munkoyo zilikuwa zinaanguka, zinachafuka tumboni, mtu akifungua anaoga. Mume wangu akatia kitambaa pale zinapoangukia. Hata hilo likaisha. Watu walizoea. Wasafiri waliipenda, askari wa base walipiga nayo picha, na ilipofika katikati ya kiangazi ile mashine ilikuwa inafanya kazi bila kasoro hata kidogo.

Aliendelea kuja gare na turnevisi yake ya kukazia visi mfukoni. Anafungua mlango wa nyuma, anatazama, hakuna la kukaza. Anafunga. Siku nyingine anafungua tena. Halafu akaacha kuja. Niliporudi nyumbani jioni moja nikamkuta amevaa salopeti safi, ameketi juu ya kile kiti, anatazama mlango wa ua.

"Baba ya batoto, mashini inatembea muzuri sana," nikamwambia. "Leo imeuzisha yote."

"Ee."

Nikamwambia ametia chumvi nyingi sana kwenye samaki, na samaki nilikuwa nimempika mimi. "Ee." Nikamwambia mama yake ni mwanamke mgumu. "Ee." Nikaingia ndani, nikaketi kitandani. Kelele zangu zote za miezi ile zilikuwa zimekwisha, nilikuwa sina hata moja ya kumrudisha.

Pesa za frigo nilikuwa nimezikusanya tena, taratibu, ndani ya mfuko wa chumvi ambao hakuna mwanaume anayeutazama. Asubuhi sikumuaga. Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka base, kwenye ile hangari, na yule mama akanipokea kama ndugu.

"Yaya, umekuja siku ya muzuri," akaniambia. "Angalia."

Alikuwa na frigo. Nyeupe, ndefu kama jeneza la mtu mrefu, imewashwa, inanguruma. Nikafungua kifuniko, nikatia mkono, nikaingiza mpaka kiwiko. Baridi ilikuwa chini na juu sawasawa. Niliuacha mkono humo mpaka ukaniuma. Halafu nikafunga, nikamuuliza kama kuna mashine nyingine ya kuuza vinywaji iliyobaki.

Alishangaa, lakini akanipeleka nyuma. Zilikuwa zimebaki mbili. Moja ilikuwa safi, kioo kizima, akaichomeka kwenye umeme ikawaka taa zote, kitu kikageuka ndani. Nyingine ilikuwa imelala ubavu nyuma ya matairi, mlango umeng'oka, waya zinatoka tumboni.

"Kamata hii yenye inawaka," akasema. "Bei iko moja tu, sababu weye ni mutu yangu."

"Na ile pale?"

"Ile?" Akacheka. "Ile imekufa, yaya. Haina mota, haina kitu. Fundi mwenye ataanza ile atazeeka mbele ya kuimaliza."

Nikampa mfuko wa chumvi.

"Njo ile ninataka," nikamwambia. "Waite bantu baipandishe kwa lori."