Fundi wa Katwe aliyewatafuta mahujaji ndani ya kompyuta

Jua linakaribia kusimama utosini mwa Old Kampala, na Taqwa Ramadhan yuko chini ya meza. Inayoonekana ni miguu yake tu: soksi moja ya kijani, na nyingine inayojitahidi kuwa ya kijani. Juu ya meza, kwenye skrini ya kompyuta, mstari wa utafutaji unatambaa kama konokono aliyeshiba futari.

"Umefika wapi?" anauliza kutoka huko chini.

"Pale pale, dada," anajibu Lailah, karani wa ofisi.

"Pale pale pa sasa hivi, au pale pale pa tangu asubuhi?"

"Pa tangu asubuhi."

Hapa ni kwa wakala wa safari za Hija: chumba kimoja kirefu, kompyuta tano, mteremko mfupi kutoka msikiti mkubwa wa mlimani. Mwenyewe ni Hajji Abdul-Karim, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani enzi za mababu. Amesimama mlangoni na tasbihi mkononi. Leo punje zinapita mbio kuliko dhikri yenyewe.

Ana sababu. Mfumo wa maombi ya viza unafungwa leo Alasiri, na mahujaji tisa hawajatumwa. Pasipoti zao zilishatangulia kwenda kukaguliwa. Kilichobaki ni picha za pasipoti hizo na vyeti vya chanjo, ndani ya kompyuta kubwa ya kona, ambamo zile nne nyingine huchota kwa waya.

Picha zimo. Shida ni kuzipata. Ukiandika jina, kompyuta inaanza kutafuta. Unaweza kwenda kutia udhu, ukaswali na sunna zake, ukarudi ukaikuta bado inatafuta. Na asiyetumwa leo, mwaka huu haendi.

Mmoja wa hao tisa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Ni Mama Zuleika, mshona gomesi, yale magauni ya heshima ya Kiganda. Mwaka juzi alikuwa akiuguza, mwaka jana goti lilimgomea. Lailah amemsihi mara kadhaa akapumzike nyumbani.

"Nyumbani nitakaa nikitazama simu," anasema. "Bora nikae hapa, niwaone mnavyohangaika. Inapunguza wasiwasi."

Taqwa anaibuka kutoka chini ya meza, vumbi kichwani, ameshika waya uliobanwa na mguu wa kabati la chuma mpaka umekuwa bapa kama chapati.

"Mwizi huyu hapa," anatangaza.

Anaweka waya mpya. Faili zinafunguka haraka kuliko mwanzo, na Hajji anashusha pumzi. Lailah anaandika jina. Konokono anarudi pale pale.

Taqwa anautazama ule waya bapa mkononi. "Samahani, sebo," anauambia, kama anayemwomba radhi bwana mkubwa. "Kumbe wewe ulikuwa shahidi tu."

Mama Zuleika anacheka. Hajji hacheki.

Kucheka wakati mambo yamekaza ni kazi ambayo Taqwa aliianza zamani kuliko ufundi. Taqwa ana miaka thelathini na minane. Ni Mnubi, wa wale ambao babu zao waliletwa na jeshi la mkoloni kutoka Sudan, vita vikaisha, safari ya kurudi isitajwe tena. Anaishi Luzira, "jirani na gereza," hupenda kusema, "lakini upande wa nje, mpaka sasa."

Kompyuta alizijua akifagia. Alikuwa mfagiaji kwenye mkahawa wa intaneti, na kila fundi alipokuja yeye aliikuta sakafu ya pale alipokaa fundi ndiyo chafu kuliko zote. Mwenye mkahawa alipohama bila kuaga, alimwachia mashine tatu mbovu badala ya mshahara. Akazifumua, akaunganisha moja iliyowaka.

Sasa ana meza yake Katwe, katikati ya mafundi vyuma. "Mimi nakata bati, yeye anazungumza na mteja kwa simu," anasema Odoch, mchomeleaji milango wa jirani. "Ndiyo maana sauti yake ni kubwa hivyo. Nilimharibu mimi."

Mwezi mzuri Taqwa hubaki na shilingi laki sita. Mwezi mbaya, laki na nusu. Wateja wengi hawaingii mara mbili katika ile kelele, na wenye ofisi za mlimani hawamwamini fundi ambaye anwani yake ni "uliza kwa wachomeleaji".

Kwa hiyo leo naye yumo mizanini. Ila mizani ya Mama Zuleika ni nzito zaidi, na Taqwa anajua. Ameacha kutazama benchi.

Anahamia kwenye kompyuta kubwa yenyewe. Hapa hakuna waya wa kusingizia. Faili ziko tumboni mwake. Anatafuta jina lile lile. Konokono yule yule.

"Kale, sawa," anasema polepole. "Ugonjwa umo ndani ya nyumba."

Tatizo la kwanza analiona mapema. Kompyuta ina faharasa yake, orodha inayoiambia kila kitu kiko wapi, kama muuza duka anayejua sukari iko rafu gani bila kupekua gunia. Fundi aliyemtangulia aliizima, eti mashine iwe nyepesi. Kuiwasha leo ni kuisubiri mpaka kesho. Kwa hiyo kila mtu akitafuta jina, mashine inapekua gunia moja moja.

Lakini hata kupekua gunia kuna mwisho wake. Anafungua folda moja kutazama. Ndani yake kuna folda nyingine. Ndani ya hiyo, nyingine. Anashuka, anashuka, kisha anasimama.

"Hajji, mbona nimeingia kwa Jibril nikatokea tena kwa Jibril?"

Mzee anasogea. Kwa mara ya kwanza leo, tasbihi imetulia.

"Hizo ni nyumba, binti yangu. Baba yangu aliweka makaratasi kwa mikoba. Mkoba mmoja, nyumba moja. Aliyetangulia kwenda Hija ndiye mwenye mkoba, watoto na wajukuu wanaingia ndani yake. Tulipoleta kompyuta nikasema, tusivunje desturi."

"Na hii milango ninayoikuta humu, inayonitoa nyumba moja kuniingiza nyingine?"

"Mashemeji," anasema Hajji, kana kwamba ameulizwa maji ni nini. "Nyumba zikioana lazima zijuane. Nilimwambia yule fundi, kila nyumba aitie mlango wa kwenda kwa wakwe. Akatia."

Taqwa anafunika uso kwa viganja. Akivitoa, anacheka na machozi yanamlenga.

Yule fundi, anaeleza, hakuweka alama tu za kuonyesha njia. Aliweka milango ambayo kompyuta inaiona ni vyumba halisi. Utafutaji ukiingia kwa Jibril, unapita mlango wa wakwe, unapekua kila kitu huko, unakuta mlango wa kurudi kwa Jibril, unaingia, unaanza upya. "Ni mgeni asiyejua kuaga. Anakunywa chai kila nyumba, na nyumba zote za Old Kampala zimeoana."

"Basi fanya dawa."

"Dawa ni kuiondoa milango."

"Unataka nikate undugu wa watu? Wakati wa Hija?"

"Undugu uko kwao, Hajji. Hapa nang'oa bawaba tu."

Mzee anarudi kuvuta tasbihi. Taqwa naye anaacha utani, kwa sababu lililobaki halichekeshi. Ipo amri inayoondoa mlango peke yake. Ipo nyingine inayopita mlangoni na kufuta kila kilichomo upande wa pili. Mkono ukikosea, wanaopotea ni nyumba nzima: wazee waliokwenda, waliokufa, na hawa tisa.

"Nakala ya mwisho mliiweka lini?" anamuuliza Lailah.

Lailah anamtazama Hajji, mjomba wake. Mjomba anautazama mlima.

"Basi sigusi mpaka ninakili," anasema Taqwa, akichomeka diski ya nje na kuiamuru inakili bila kupita milangoni.

"Muda huo tunao?"

"Hatuna. Lakini nikifuta nyumba ya mtu, nitakuwa nimetuharibia mimi, na wewe, na marehemu."

Diski inaanza kunguruma. Ofisi yote imekodoa macho kwenye mstari mwingine unaojaa taratibu.

Ndipo Taqwa anapogeuka. "Hajji, wewe hizi nyumba unazijua kichwani?"

"Nimeozesha nusu yao."

"Basi usitafute. Tembea. Mwambie Lailah apite wapi."

Hajji anavuta kiti. Anafumba macho. "Yasiin. Huyo babu yake mzaa mama ndiye aliyetangulia. Ingia kwa babu. Shuka kwa binti wa pili, aliyeolewa Katwe. Ndani yake, mtoto wa mwisho."

Lailah anabofya, anashuka. "Yupo, mjomba."

"Dawudi. Huyo yuko kwa kaka yake, baba zao mbalimbali, kwa hiyo ingia kwa mama."

Yupo. Anatumwa. Mmoja baada ya mwingine mahujaji wanatoka majumbani mwao, mzee akiwaita kwa ukoo kama anasimamia hesabu za mirathi. Anakwama kwa mmoja, anauma mdomo, anamkumbuka kwa ndoa ya shangazi. Wanafika wanane.

"Mama Zuleika," anasoma Lailah.

Hajji anafumbua macho. Mwenye jina anainua kichwa.

"Mimi niko wapi?"

"Ulikuwa kwa Sadiq," anasema Hajji, akiitazama tasbihi. Sadiq alikuwa mumewe. "Mlipoachana nilikutoa. Kwa heshima. Isingefaa ukae kwake."

"Ukanipeleka wapi?"

"Kwa marehemu baba yako, nilidhani."

Lailah anashuka huko. Hayupo. Kwa kaka yake, hayupo. Kwa mwanawe wa kwanza, hayupo.

"Tangu nizaliwe watu wananihamisha," anasema Mama Zuleika, bila kupaza sauti. "Mngeniuliza mara moja tu."

Diski inanyamaza. Nakala imekamilika, na kivuli cha jengo la jirani kimeshafika mlangoni.

Taqwa anapangusa viganja kwenye sketi. Anaandika amri ya mlango wa kwanza, anaisoma kwa kidole, anaisoma tena. Anabonyeza. Mlango unatoweka. Kabla ya kushusha pumzi anakimbilia nyumba ya wakwe kuangalia: wapo wote. Wa pili. Wa tatu. Ukifika wa saba, jasho linamdondoka kidevuni.

Mlango wa mwisho unang'oka. Anaandika: Zuleika.

Mstari unatembea. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, unatembea kama mtu anayejua aendako, nyumba hadi nyumba, na katika nyumba ya mwisho kabisa unasimama.

Lailah anasoma njia iliyoandikwa juu, kisha anaisoma tena kwa sauti. Ni nyumba ya mama yake Hajji mwenyewe.

"Sikuwa na pa kukuweka," anasema mzee. "Nikakuweka kwetu. Nikasahau."

Mama Zuleika anaonyesha skrini kwa kidole. "Tuma kwanza," anasema. "Tutasameheana baadaye."

Adhana ya Alasiri inasikika kutoka mlimani. Lailah anabonyeza. Duara linazunguka kwenye skrini. Hakuna anayekwenda kutia udhu. Kisha neno linatokea: imepokelewa. Mfumo unafungwa muadhini akiwa bado anaita.

Viza tisa zimeshatoka. Hajji Abdul-Karim amekubali, kwa shingo upande, kwamba msimu ukiisha kila hujaji atakuwa na folda yake, na ukoo utaandikwa pembeni kama maelezo tu. Faharasa inafanya kazi. Ofisi mbili za jirani zimempigia Taqwa simu, na moja ilivumilia msumeno wa Odoch hadi mwisho wa mazungumzo.

Mpango wake ni chumba kidogo Old Kampala, chenye mlango unaofungika na sauti isiyoingia. Kimoja ameshakiona, na mwenye nyumba amekubali kumngoja mpaka mahujaji warudi.

Juzi Mama Zuleika alishuka Katwe kuaga na kuomba radhi, kama inavyompasa anayekwenda Hija. Taqwa akampa maombi ya kupeleka Makka: chumba kile, na nafasi ikipatikana mwishoni, mume mpole asiyegusa nyaya.

Mama Zuleika alikaza mkoba kwapani. "Chumba nitakuombea," alisema. "Hilo la pili mimi mwenyewe lilinishinda."