Albamu ya Zeka Niliyoitetea Bila Kuisikiliza

Jamani, msinicheke mapema, maana hata mkicheka mtafika mahali mtanyamaza wenyewe. Huu mkasa huwa siusimulii, nikiukumbuka nikiwa peke yangu barabarani najikuta nasonya kwa sauti mpaka wapita njia wanageuka wakidhani nimewasonya wao, na sina la kuwaeleza zaidi ya kuinama na kupita. Kuna aibu mtu unazizoea. Hii mimi sijaizoea mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile kaseti zinaelekea kufa lakini CD bado ni kitu cha wenye nacho, nami nauza viatu vya mitumba Tunduma, karibu na pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Jina langu watu walishalisahau, waliniita Profesa, na uprofesa wenyewe ulikuwa wa hip-hop tu (form four nilipata sifuri, naomba tuelewane), yaani kila kaseti iliyoshuka na basi la Dar au kuvuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, lazima ipite mkononi mwangu, na nikisema hii kali basi imekuwa kali, nikisema hii uji, aliyeinunua anaificha chini ya godoro. Nilikuwa na kichwa kikubwa, sikatai.

Kijiwe chetu kilikuwa saluni ya Bashiru, kinyozi mmoja wa Kigoma aliyekuwa na redio kubwa na spika mbili alizozitoa nje barazani. Kila Januari, Jumamosi moja tuliyokubaliana, tulikusanyika pale kushindanisha albamu za mwaka uliopita, ipi bora, na sheria ilikuwa moja tu, hutetei kaseti yako mwenyewe. Aliyeileta anakaa kimya, mtu mwingine anasimama mbele za watu, anaieleza, anachagua wimbo mmoja upigwe, halafu watu wanapiga kelele, na penye kelele nyingi ndipo penye ushindi. (Sheria hiyo tuliiweka baada ya mwaka mmoja wenye kaseti kutaka kutoana meno.)

Sasa, nilikuwa na rafiki yangu Zeka, yaani Ezekia, kijana wa kijiji cha Ndalambo aliyekuwa anasukuma mkokoteni hapo mpakani, mpole, mtu wa kusema maneno machache halafu anakuangalia kuona kama umeyachukua. Mwaka huo alikwenda Mbeya akarekodi albamu nzima, akaiita Vumbi la Ndalambo, akarudi na kaseti chache, na ya kwanza kabisa akanipa mimi.

"Profesa, sikiliza pande zote mbili," akasema, "halafu niambie ukweli."

Mimi nikaitumbukiza kwenye kiroba cha viatu. Si kwamba nilikuwa na ubaya naye, hapana, ila nilikuwa na kaseti za Dar, nina za Wazambia wanaochana mistari kwa Kibemba, nina za Marekani, na moyoni nikasema Ndalambo na hip-hop wapi na wapi. Zeka akaenda kwao kulima, mvua zilikuwa zimeanza, na mimi nikasahau.

Aliporudi mwaka mpya umeingia, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu ya viatu, hata matope miguuni hajanawa. "Umeisikiliza?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningesema bado, mshikaji wangu, nipe siku mbili, yote haya yasingekuwepo. Lakini profesa gani anasema bado?

"Nimeisikiliza, mwanangu! Noma!"

"Umependa upi?"

Nilikuwa na ujanja wangu wa siku nyingi, ukiulizwa wimbo bora wa albamu usiyoijua taja wa mwisho upande B, kwa sababu huko watu wengi hawafiki, kwa hiyo wewe unaonekana umezama. Nikamwambia, "Ule wa mwisho, upande B. Huo ndio wimbo wa mwaka."

Zeka akaangalia chini, akaangalia malori, na machozi yakamlengalenga, mimi mjinga nikadhani ni furaha ya msanii kusifiwa. "Ule?" akasema. "Kweli, Profesa?" Nikamwapia.

"Basi nitetee huo Jumamosi," akasema. "Baba yupo mjini, kaleta mahindi, kafikia kwa shangazi. Nitamleta." Nilijua Zeka na baba yake hawako vizuri, ni salamu tu, sababu sikuwahi kumuuliza (rafiki wa karibu, eti). Akaendelea, "Mimi baba hanisikilizi. Ila akiona watu wamekaa wanausikiliza, na mtu kama wewe anausemea, atakaa na yeye. Akishausikia mpaka mwisho, basi, mimi nitapumzika."

Mtu mwenye akili angeuliza, kuna nini kwenye huo wimbo? Mimi nikampigapiga bega.

Msidhani sikujaribu. Jioni hiyohiyo niliifukua kaseti, nikaipiga kwenye redio yangu ndogo, umeme umekatika, betri zimechoka, nikausikia wimbo wa kwanza upande A, majigambo matupu, eti mahindi ya kwetu yakipita mpakani malori yanapisha, makofi, kibwagizo cha kuruka, na kusema kweli nikashtuka, kumbe kijana anaweza! Kabla haujafika nusu sauti ikaanza kuvutika kama mlevi anayesindikizwa nyumbani, redio ikazima. Kesho yake nikaanika betri juani, jua lenyewe la Januari Tunduma mnalijua, likachungulia na kurudi mawinguni. Ningeweza kwenda kwa Bashiru kuisikilizia kule, lakini si wangejua Profesa hajaisikiliza? Nikajipa moyo kwamba albamu ikianza na majigambo itaishia na majigambo.

Jumamosi ikafika, watu wamejaa mpaka barabarani, wauza ndizi, matingo wa malori, wanafunzi. Zeka akaja na baba yake. Mzee mwembamba, koti jeusi la zamani limefungwa vifungo vyote, kofia ameishika mkononi. Bashiru akaburuta kile kiti cha kunyolea nje, akakifuta, "Shikamoo mzee, karibu ukae hapa mbele." Mzee akaitikia marahaba, akakaa kama amekuja kanisani. Zeka akasimama nyuma ya kiti, mikono haijui iende wapi.

Waliotangulia wakatetea zao. Jamaa mmoja akatetea albamu ya kijana wa Dar aliyemlalamikia mwenye nyumba wake kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, watu wakavunjika mbavu. Mwingine akasimama na ya Mzambia, matingo wakapiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Basi nikaona kelele zimeshakuwa nyingi, na mimi sitaki Zeka ashindwe mbele ya baba yake, nikasema leo lazima niwashe moto.

Nikapanda juu ya kreti la soda.

"Mzee wangu, shikamoo! Leo utamjua mwanao ni nani! Jamani, huu wimbo ni sherehe! Ukiusikia mguu unanyanyuka wenyewe! Haya, mikono juu wote, tupige makofi, hivi!"

Nikawafundisha makofi. Nikaona Zeka ananiangalia anatikisa kichwa, polepole, nikadhani ni aibu za kishamba, nikamwambia mbele za watu, "Usione haya, Zeka! Mwachie Profesa!" Mzee aligeuka akamwangalia mwanawe, akanirudia mimi. Bashiru akabonyeza.

Ikaanza sauti ya mwanamke mtu mzima, anaimba peke yake kwa Kinamwanga, lugha ya kwao Zeka, taratibu sana. Nikajua huo ni utangulizi, biti linakuja. Nikapiga makofi kwa nguvu zaidi ili watu wasipoe. Nikafumba macho (mambo ya kujifanya nimezama), nikaanza kuruka, "Twende! Twende!" na sauti ya Zeka ikaingia, haichani, inasema tu, kama mtu anayeongea na mtu aliyelala. Nikasikia Amosi. Nikasikia mto Momba. Na bado nikaruka, jamani, kwa sababu ukishaanza kuruka mbele za watu unaona aibu kuacha.

Kilichonizindua ni kusikia makofi yangu mwenyewe. Nilipofumbua macho hakuna mwingine aliyekuwa anapiga. Muuza ndizi ameshika mdomo. Bashiru ananitazama kama hanijui. Na mzee amesimama.

Akasogea mpaka kwenye kreti langu. Wimbo unaendelea. Hakupandisha sauti.

"Kijana, wewe ulimjua Amosi?"

"Hapana, mzee."

"Sasa ulikuwa unamchezea nani?"

Mzee akavaa kofia yake, akapita katikati ya watu, wakampisha, na Zeka akatoka nyuma yake akikimbia, "Baba, haujaisha! Baba, subiri uishe!" Mzee hakugeuka. Tuliwaona wakishuka na barabara ya malori, mmoja mbele, mwingine nyuma anazungumza peke yake.

Nilitaka nizime redio nikimbie na mimi. Bashiru akanishika mkono. "Profesa," akasema, "hukuisikiliza hii kaseti." Hakuuliza. Alisema tu. "Basi isikilize sasa."

Tukaisikiliza wote, nimesimama juu ya kreti, sikuthubutu hata kushuka. Amosi alikuwa mdogo wake Zeka. Kipindi kimoja cha mvua baba yao aliwatuma wote wawili kurudisha ng'ombe ng'ambo ya Momba, Zeka akatoroka akaja Tunduma kutafuta kaseti, Amosi akaenda peke yake, na mto ulikuwa umejaa, ukamchukua. Yule mwanamke anayeimba alikuwa mama yao, ndivyo alivyolia siku ile. Na kwenye ubeti wa mwisho kabisa Zeka alikuwa anazungumza na baba, anamwambia tangu siku ile hujaniita jina langu, hata ukitaka kunitukana nitukane, ila niite jina. Halafu kimya, kaseti ikazunguka tupu mpaka ikajikata yenyewe. Baada ya wimbo huo hakuna aliyepiga kelele, wala mwaka huo hakutangazwa mshindi. Watu waliondoka mmojammoja, na wale matingo wenye fujo ndio waliokuwa wa kwanza kuvua kofia.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa shangazi yake kuomba radhi. Alikuwa anafagia uwanja, hata hakuinua kichwa. "Wameshaondoka," akasema, "kila mtu na gari lake." Mzee amerudi Ndalambo, Zeka amevuka kwenda Zambia. Nilikwenda Ndalambo mavuno yalipofika, mzee akanikaribisha vizuri, akanipa maji, akanipa na kigoda, akazungumza nami habari za mbolea na za barabara mpaka nikaelewa kwamba kuhusu lile jambo mlango umefungwa. Nilirudi na maneno yangu yote niliyokwenda nayo.

Zeka nilikuja kuonana naye miaka mingi baadaye, Chitete, nimekwenda kwenye ofisi za wilaya kufuatilia mambo yangu, nikamkuta amekaa kwenye benchi anasubiri, amenenepa kidogo, ana mvi za mapema. Tukasalimiana vizuri tu, hata akaniachia nafasi nikae. Nikamuuliza, "Mzee hajambo?"

"Mzee tulimzika, Profesa."

Nikampa pole. Nikakaa, nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kama mzee aliwahi kuusikia ule wimbo mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. "Muziki alikataa kabisa. Mwishoni nilimwambia kwa mdomo, kitandani pale. Ila alikuwa ameshaacha kutambua watu." Halafu akaitwa ndani, akanyanyuka, akaniambia tutaonana.

Basi ndugu zangu, mimi nilishakula kiapo. Vijana wa siku hizi wananijia na simu zao, Profesa umeisikia hii mpya, Profesa ipi kali mwaka huu, nawajibu sijaisikia, na kama nimeisikia nusu nawajibu sijaisikia, wananiona nimezeeka na wanione hivyohivyo, kuliko kusifia kitu cha mtu kumbe sijui kimemgharimu nini. Vumbi la Ndalambo nimeisikiliza sana tangu hapo, pande zote mbili, kuliko kaseti yoyote niliyowahi kushika, na nawaambia kweli kabisa, mwaka ule hakukuwa na albamu iliyoifikia. Ningependa kumwambia Zeka hivyo. Lakini pale Chitete hakuniuliza, na mimi sina tena uso wa kuanza.