Majina Yaliyorukwa Siku ya Sikukuu

Nakumbuka siku moja pale kwetu Kalundu, kando ya ziwa, mwanangu, siku eneo letu lilipoadhimisha miaka tangu liundwe. Mpaka leo nikiikumbuka chakula kinanishinda.

Kwetu, mtumbwi mpya hauguswi na maji kabla wanawake hawajasimama ufukweni kuwaita watu waliochukuliwa na ziwa, ambao miili yao haikupatikana ikazikwa. Kila mama humwita wa kwake kwa jina, na watu wote huitika, "Ni wetu!" Baada ya hapo ndipo ngoma hupigwa. Kaka yangu Yohana alikuwa ameenda kuvua ndagala, wale dagaa wetu, upepo ukapindua mtumbwi wao, na hatukumwona tena. Kwa hiyo Mama alikuwa anangoja mtumbwi mpya, na mitumbwi haichongwi kila siku.

Basi wakubwa wa sikukuu wakatangaza kwamba mtumbwi utashushwa mbele ya wageni, ili waone urithi wetu. Mama alifurahi jamani! Alifua kitenge chake cha kanisani, akaniambia Yohana ataitwa mbele ya eneo zima.

Hotuba zilichukua asubuhi yote. Wanawake walisimama juani, wageni wamekaa chini ya turubai na soda zao. Zamu yao ilipofika, majina machache tu yaliitwa, kisha bwana wa protokoli, msimamizi wa sherehe, akaja na maikrofoni yake.

"Bamama, tafazali, tufupishe. Bageni bako na njaa. Mupige ngoma sasa."

Mama akamshika mkono. "Miye mutoto wangu sijamuita bado."

"Tutamuita mwaka ingine, mama."

Akatoa ishara, vijana wakausukuma mtumbwi majini, ngoma ikalia, wageni wakapiga makofi. Yohana hakuitwa. Nilimchukia yule bwana, na sijaacha. Mwaka uliofuata majina hayakuwekwa hata kwenye programu. Mama alikufa bila kumwita mwanawe.

Sasa wewe na wenzako mmekuja kwangu na simu zenu, mnataka niwafundishe "ile dansi ya mtumbwi" kwa ajili ya sikukuu ya mwaka huu. Fulana mmeshachapisha. Dansi! Mnakata viuno mahali mama zetu walipokuwa wanalia, halafu mnaniambia huo ni utamaduni.

Mwanangu, sikukatazi kucheza. Lakini anza na majina. Nenda kwa wajane wa Kalundu, uwaulize nani hajaitwa, uwape nafasi waite mpaka wamalize. Mgeni akichoka, mwache aende akale. Sikukuu ya eneo ni ya watu wake, hata waliozama. Mtu akikuambia mwaka ujao, usimsikilize, maana mama wa mtu anaweza asiufikie.

Mungu akulinde ziwani na nchi kavu, akupe watoto na uzee mwema. Na siku utakapoondoka, asikose mtu wa kukuita kwa sauti, wala wa kuitika.