Alhamisi ya Kufyeka Uwanja

Leo nikitoka shule nimepita posta kumnunulia bibi stempu, na kwenye ubao wa matangazo nimekuta karatasi mpya: Chuo cha Juu na Chuo cha Bondeni, Jumamosi, saa kumi alasiri, wote mnakaribishwa. Nimeisoma mara tatu, mpaka mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Vipi mwanangu, umefeli?" Nikatikisa kichwa tu. Miaka saba, rafiki yangu! Miaka saba vyuo hivi viwili havijakanyaga uwanja mmoja, na sababu yake naijua kuliko huyo aliyebandika karatasi.

Mimi si msemaji. Mwalimu wa darasa huandika kwenye ripoti yangu kila muhula, "Ajitahidi kushiriki." Mgeni akija nyumbani namwamkia kwa sauti ya mbu, halafu najificha jikoni. Ndiyo maana naandika.

Wakati ule nilikuwa darasa la nne, nakaa na bibi mzaa mama, kwenye nyumba hii hii iliyo kando ya uwanja. Wewe umekulia kwenye tambarare, labda hujui: huku milimani kwetu ardhi iliyolala sawa ni ya kutafuta kwa tochi. Uwanja ulikuwa mmoja tu, umechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja migomba ya bibi, upande wa pili korongo. Mpira ukidondoka korongoni, refa alikuwa anakaa chini anakula peasi mpaka urudi. Haukuwa wa Chuo cha Juu wala wa Chuo cha Bondeni, na kwa sababu haukuwa wa mtu, desturi ilikuwa hivi: Alhamisi kabla ya mechi, vyuo vyote viwili vinakuja na mafyekeo, kila kimoja kinafyeka nusu yake. Majani ya nusu ya juu yalikuwa ya ng'ombe wa bibi, ya nusu ya chini ya ng'ombe wa jirani yetu. Ng'ombe wote walikuwa wa bandani, maana wataalamu wa kuhifadhi milima walishakataza kuchunga ovyo. Wakubwa walikuwa wanasema vijana waliotoka jasho pamoja Alhamisi hawawezi kuumizana Jumamosi. Walisema hivyo kwa moyo safi kabisa. Lakini fikiria mwenyewe: vijana arobaini wanaochukiana, kila mmoja ana chuma kikali mkononi.

Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, alikuwa anasomea ualimu Chuo cha Juu, mwaka wa mwisho. Ndiye aliyekuwa sentafowadi wao. Jioni alikuwa anakuja kula kwetu, bada, ule ugali wetu wa muhogo, na maharage, anakaa kwenye kigoda huku anashona viatu vyake vya mpira kwa uzi wa gunia. Alikuwa mpole. Alikuwa ananiambia, "Mpira ni kukwepa. Ukigongana na mtu, ujue umekosea njia." Mimi niliona haya kusikia vile. Sikutaka mjomba wa kukwepa.

Maana wiki ile hakuna aliyezungumzia kukwepa. Jumatatu, siku ya soko, bibi alinituma nyama, nikakuta buchani watu wamejazana kuliko nyama yenyewe. Mwenye bucha alikuwa anaichambua mechi huku anakata mbavu kwa shoka.

"Bondeni wana yule kipa," akasema. "Mrefu kama mkaratusi. Akitoka golini hatoki kufuata mpira, anafuata goti." Shoka likashuka. "Mabeki wao wawili wamelelewa kwenye machimbo ya mawe. Juu wana nini? Wana mbio. Mbio za nini uwanja wenye korongo?"

"Wana sentafowadi, mghosi," mteja mmoja akasema.

"Yule? Ukimgusa anaruka kama paka aliyemwagiwa maji! Sikilizeni niwaambie. Jumamosi hakuna mpira. Jumamosi nafunga bucha nahamia uwanjani, machinjio yatakuwa kule."

Watu wakacheka mpaka inzi wakaruka. Mimi nilichukua nusu kilo yangu nikaondoka masikio yakiwa ya moto.

Shuleni hali ilikuwa mbaya zaidi. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa mjukuu wa jirani, na kwao walikuwa Bondeni mpaka kuku. Walikuwa wameshanunua fulana za kijani za mitumba, ndiyo kwanza mitumba imerudi kwa wingi, zina maandishi ya kiwanda cha huko ng'ambo ambayo hakuna aliyeyajua maana yake. Mtoto yule alikuwa ananiimbia sikioni wakati mwalimu anaandika ubaoni, "Mjomba wako yai, mjomba wako yai, akiguswa atapasuka." Siku ya pili akiimba nikamchoma paja kwa penseli, ikaingia, ncha ikavunjikia humo humo. Nilichapwa fimbo nne. Sikujuta, na naandika hivi bila kujisifu: nilifurahi kuona damu.

Kila siku ilikuwa na lake. Jumanne basi lililowabeba Bondeni kutoka mechi ya kirafiki lilipigwa mawe kwenye kona ya mikaratusi, kioo cha mbele kikamwagika chote mapajani mwa dereva. Jumatano Bondeni wakamshika mwanafunzi wa Juu kwenye mashine ya kusaga, wakamvua jezi, wakaitia moto mbele yake, wakamwagia pumba kichwani wakamwambia arudi hivyo hivyo. Kwenye duka jipya la mfanyabiashara wa kanda za muziki, vijana wa pande zote mbili walikuwa wanasimama wakitazamana kama majogoo, mpaka mwenye duka anazima redio afunge mlango.

Ndipo mkuu wa Chuo cha Juu akawakusanya wanafunzi wake, mjomba akatuletea habari jioni ile. Alikuwa amesema atakayeanza ugomvi kabla ya mechi atafungasha sanduku siku hiyo hiyo, awe mfungaji, awe nani.

"Umesikia?" bibi akamwambia. "Imebaki miezi miwili uwe mwalimu. Umekwenda kusomea ualimu au ubondia?"

"Nimesikia, mama."

"Narudia. Umesikia?"

"Mama, mimi mikono yangu ni ya chaki."

Alhamisi ukungu ulichelewa kuondoka. Walifika kama saa nane mchana, Juu kutoka njia ya migomba, Bondeni kutoka njia ya mto, mafyekeo begani, wanaimba. Mstari wa katikati ulikuwa umechorwa kwa majivu. Bibi alinipa kamba akaniambia nikusanye majani ya upande wetu tu, nisivuke majivu hata kidole. Nilikuwa peke yangu mtoto uwanjani, mjukuu wa jirani alikuwa amebaki nyumbani na paja lake. Nakumbuka sauti ile, shwaa, shwaa, shwaa, na harufu ya majani mabichi, na jasho. Kwa nusu saa ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Halafu mistari miwili ya wafyekaji ikaanza kukutana.

Mjomba ndiye aliyefika wa kwanza kwenye majivu. Kipa wa Bondeni alikuwa hapo, ana kwa ana naye. Wengine walikuwa nyuma yao, wameinama. Mimi nilikuwa hatua tano, nafunga mzigo.

"Rudi kwenu, yai," kipa akasema.

Mjomba akainama. Akafyeka jani la mwisho lililokuwa limebaki kwenye majivu.

Kipa akanyoosha fyekeo lake, akagusa goti la mjomba kwa ubapa, taratibu, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. "Hapa," akasema. "Jumamosi nitapiga hapa hapa. Mwambie mama yako aanze kukutafutia gongo la kutembelea."

Nikasema moyoni, mpige. Nakuapia, rafiki yangu, nililisema neno hilo moyoni kwa nguvu zangu zote. Na mjomba akampiga. Aligeuza fyekeo akampiga kwa upande wa mpini, mkono wa kipa ukapinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Akampiga tena begani, akaanguka. Halafu arobaini wakanyanyuka kwa pamoja.

Sitaki kuandika yote. Niliona mwanafunzi wa Juu, rafiki yake mjomba, sikio linaning'inia. Niliona mtu amelala juu ya mtu anamng'ata. Mawe ya goli yaling'olewa. Mmoja alirushwa korongoni, tukasikia matawi yakivunjika kwa muda mrefu. Bibi alitoka akipiga kelele, kanga imemdondoka, akaingia katikati na ndoo ya maji anawamwagia kama mbwa. Walipotawanyika, mjomba alimbeba rafiki yake mgongoni wakaelekea hospitali. Majani niliyokusanya yalikuwa mekundu. Ng'ombe wa bibi aliyanusa akageuza kichwa.

Baada ya swala ya alasiri mkuu wa chuo akaja na pikipiki yake, akakaa kwenye benchi letu. Alikuwa amechoka. Bibi alimpa chai, hakuinywa.

"Wanafunzi wangu wote wanaimba wimbo mmoja, kwamba Bondeni ndio walioanza," akasema. "Wa Bondeni nao wana wimbo wao. Namtafuta mtu asiye na timu." Akanitazama. "Binti, nimeambiwa ulikuwa pale. Nani alianza?"

Bibi alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa yananiambia kitu, na leo najua ni kitu gani. Lakini wiki nzima nilikuwa nimesikia yai, yai, yai. Buchani, darasani, njiani. Na sasa hapa kulikuwa na mtu mkubwa, kutoka chuoni, ananiuliza mimi. Nilisimama. Sauti yangu, ambayo haijawahi kutoka mbele ya mgeni, ilitoka kama mtu anayetangaza goli.

"Mjomba ndiye aliyempiga wa kwanza! Alimpiga mpaka akaanguka!"

Mkuu akainamisha kichwa. Akasema ahsante, akaondoka na pikipiki yake. Bibi hakunipiga. Alinishika bega akasema, "Neno hili limeishia hapa nyumbani. Hata yeye asilijue." Asubuhi mjomba alikuja na sanduku begani, na mechi ilikuwa imefutwa.

Mjomba akashuka Mnazi, kule chini kwenye joto, akawa mkulima wa mahindi na mpunga. Akiulizwa nani alimsema, ana jibu moja: kipa. Ni nani mwingine aliyekuwa karibu? Amelisema miaka yote, kwanza kwa huzuni, halafu kwa hasira, halafu kwa sauti fulani tulivu ambayo bibi haipendi. Mjomba wa sasa hakwepi. Amepigana mnadani, amepigana na waliomchepushia maji ya shamba, ana kovu juu ya jicho.

Mengine nayo yamekwenda. Jirani amefariki. Ng'ombe wa pande zote mbili walishauzwa. Uwanja unafyekwa na kibarua mmoja wa mfanyabiashara wa soda, ambaye ndiye anayetoa jezi za timu zote mbili safari hii, na tangazo la soda yake limeandikwa kubwa kuliko majina ya vyuo. Watu buchani leo walikuwa wanabishana kuhusu timu za Ulaya walizoziona kwenye banda la video. Hakuna aliyesema ataua mtu. Ni vizuri, najua ni vizuri. Lakini ile wiki ambayo mlima mzima ulikuwa unatetemeka kwa sababu ya vijana ishirini na wawili, sidhani kama nitaiona tena, na nashangaa kwamba naikumbuka kwa hamu, mimi niliyeona mwisho wake.

Nilipofika nyumbani na stempu nilimkuta mjomba barazani. Amepanda kutoka Mnazi kwa ajili ya mechi. Nikamwamkia. Alikuwa anasugua mpini mpya wa jembe kwa kipande cha chupa.

"Umesikia kocha wa Bondeni ni nani?" akaniuliza. "Yule kipa. Mkono wake haukunyooka mpaka leo, wanasema. Jumamosi namnyooshea na wa pili."

Bibi alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

Nilitaka kwenda jikoni. Miguu ilishageuka. Halafu nikasema, "Mjomba, si yeye."

"Si yeye nini?"

"Aliyesema kwa mkuu. Ni mimi."

Akacheka. "Wewe? Wewe huwezi kumwita hata mwenye duka."

"Ni mimi, shikamoo mjomba." Sijui kwa nini nilimwamkia tena. "Nilisema mjomba ndiye aliyempiga wa kwanza. Nilisema kwa sauti. Nilikuwa najivuna."

Akamtazama bibi. Bibi akatazama viazi. Hapo akaamini. Akaulaza mpini chini, vumbi la mti mapajani mwake.

"Basi yule hakusema," akasema mwisho.

"Hakusema."

"Nimemvunja mkono, halafu nikamchukia miaka saba kwa kosa ambalo si lake."

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba aniambie. Alinyanyuka, akatembea mpaka kwenye migomba akarudi. Akasema kesho baada ya shule tutashuka Bondeni, mimi na yeye, mikono mitupu, kabla Jumamosi haijafika.

"Utamweleza wewe," akasema. "Mimi nikifungua mdomo atafikiri nimekuja kumpiga. Anza mwanzo, usiruke kitu, na usimung'unye maneno."

Kwa hiyo nisamehe, rafiki yangu, kama barua hii imekuwa ndefu. Tangu alasiri nimekuwa najizoeza.